Kiingereza hakina kosa, mbona mteja amekasirika? Utatuzi wa vielezi vya kiasi na wakati

Kuna hitilafu ya Kiingereza ambayo programu ya kusahihisha haiwezi kuipigia mstari mwekundu. Herufi ziko sawa, sentensi imesimama, lakini aliyeisoma ameelewa jambo jingine. Mgeni amekaa mapokezi na mabegi yake kwa sababu dereva alimwambia anakuja sasa hivi. Mteja wa Dubai amejibu kwa ukali barua ambayo wakala aliiandika kwa heshima zote. Mtu amesifu ufuo, na msomaji akaona huko hakufai kwenda na watoto.

Kazi yangu ni kusahihisha barua na meseji za watu hapa Mombasa: mawakala wa forodha, wapokezi wa hoteli za Nyali na Bamburi, madereva wanaobeba watalii. Hitilafu zao nyingi zina chimbuko moja. Kiswahili hukitwika kitenzi mzigo wa wakati. Nimelipa, nimeshalipa, sijalipa, sijawahi kulipa: mambo yameshakwisha ndani ya kitenzi, na msikilizaji hana la kuuliza. Nje ya kitenzi tunabaki na vielezi vichache vipana, kila kimoja na kazi zake chungu nzima: bado, tena, sana, karibu, sasa hivi, mpaka, hata. Kiingereza kimekwenda njia nyingine. Kazi ya "bado" moja kimewagawia maneno matatu au manne, na kila neno lina hisia zake.

Kwa hiyo meseji ikiharibika usikimbilie kamusi. Kamusi itakwambia "still" ni bado na "yet" ni bado. Kweli tupu, na hukusaidika. Anza na jibu ulilopata. Msomaji amefanya nini: amekasirika, amengoja, amehesabu vibaya, amekucheka? Halafu jiulize ulikuwa na neno gani la Kiswahili kichwani ulipokuwa ukiandika. Mara nyingi hapo ndipo utakapomkamata mshukiwa.

Uliarifu tu, msomaji akasikia lawama

Mshukiwa ni "bado", na ndiye mkubwa wao wote, kwa hiyo nitakaa naye.

Tuseme kontena la mteja linatarajiwa Kilindini. Kwa Kiswahili unasema "Kontena bado halijafika", na sentensi hiyo haina hasira wala upole. Sauti yako ndiyo inayoamua. Kwenye maandishi ya Kiingereza sauti haipo, na uamuzi umeshafanywa na neno ulilochagua:

"The container has not arrived yet." Halijafika, linatarajiwa, hakuna neno.

"The container still hasn't arrived." Halijafika mpaka leo, na lilipaswa kuwa limeshafika. Aliyeandika amechoka kungoja.

Ukiwa wakala, ukamwandikia mteja hiyo ya pili, atasikia moja kati ya mawili: ama unamlalamikia mwenye meli, ama unakiri kwamba mambo yamekwenda mrama. Ukiwa wewe ndiye mteja na umengoja muda wote huo, hiyo ya pili ndiyo yako, na ile ya kwanza ni ya upole kuliko hali yenyewe. Sisemi "still" ni neno baya. Lina makali, na makali yake yanatoka mahali linapokaa, yaani kabla ya kukanusha. "Yet" hukaa mwishoni mwa sentensi, au mara tu baada ya "not" ukiwa unaandika kirasmi. Bila kukanusha, "still" haina makali yoyote. Ni ile -ngali yetu tu. "The ship is still at anchor": meli ingali nangani.

Wengine wakiona maneno haya yanawachanganya, huyatia yote mawili: "The container is still not yet arrived." Chagua bado moja, uache nyingine. Na hiyo "is" iondoe uweke "has", kwa sababu kufika hapa ni tendo lililotarajiwa kukamilika.

Kwenye maswali mambo yanageuka. "Have you paid yet?" ni "Umeshalipa au bado?", swali safi la kutaka kujua. "Have you paid already?" lina mshangao ndani: "Ala, umeshalipa mara hii?" Ukimtumia mteja swali hili ukiwa unataka kuthibitisha tu, atakujibu "Yes, why?" kama mtu aliyeambiwa kaharakisha mambo. Na "Haven't you paid yet?" ni "Hujalipa tu mpaka leo?" Hilo usimtumie mtu unayetaka arudi.

Kuna "I am yet to receive", ambayo inapendwa sana katika ofisi zetu. Hicho ni Kiingereza safi, tena rasmi. Usikubali mtu akwambie ni cha Kenya peke yake. Ila kina ncha kidogo, kinaashiria kwamba unachongoja ni haki yako na mwenzako amekichelewesha. Kwa mtu unayemdai, sawa. Kwa bosi wako, "I have not received it yet" inatosha.

Halafu kuna bado ya kuhesabu, ambayo haitafsiriki kwa "still" peke yake. "Bado siku mbili" ni "two days to go" au "two more days". Makanga akisema "Bado mmoja" tujaze gari, ni "one more". "Bado kidogo" ni "not quite", au "almost", kutegemea swali. Mgeni akiuliza kama chumba kiko tayari, mpokezi akajibu "Still" akanyamaza, kama sisi tunavyojibu "Bado" tukanyamaza, yule mgeni atabaki kumwangalia mdomoni akingoja sentensi imalizike. Jibu ni "Not yet." Likifuatwa na dakika, bora zaidi.

Umesema umeacha, wao wamesikia hurudii

Hii ni fupi. "Sikai Kisauni tena" ikiandikwa "I don't live in Kisauni again", msomaji anasikia kwamba uliwahi kuhama, na hukurudi kukaa huko mara ya pili. "Again" ni tena ya kurudia tu. Tena ya kukoma ni "any more" mwishoni, "I don't live in Kisauni any more", au "no longer" kabla ya kitenzi, "I no longer live in Kisauni". Hitilafu hii huonekana sana mtu anapoulizwa habari za mfanyakazi aliyeondoka: "He is not working here again." Mwajiri mpya anayesoma hivyo anaweza kudhani huyo bwana alifukuzwa mara mbili.

Unasifu, msomaji anasikia kasoro

Dalili: tangazo lako la chumba halileti mtu, au mgeni uliyemsifia kitu anauliza "What is the problem?" Mshukiwa ni "sana", akishirikiana na ndugu yake "mno".

Kwa Kiswahili mno ni sifa na ni lawama pia. Biriani tamu mno ni biriani ya kusafiriwa. Mtu mwema kupita kiasi ni mtu mwema. Tunazidisha kwa sababu tunapenda, na hapa Pwani tunapenda kuzidisha. Lakini "too" ya Kiingereza, ikikaa mbele ya sifa, kwa kawaida humaanisha kwamba mpaka umevukwa na kuna jambo limeharibika. Baada yake msomaji anangoja balaa: "too hot to drink", moto hata hainyweki, "too far to walk", mbali hata hakwendeki kwa miguu. Sasa soma tangazo hili la nyumba ya kupangisha: "The beach is too quiet and the house is too near the ocean." Mwandishi alitaka kusema kumetulia na bahari iko mlangoni. Msomaji wa Uingereza ameona ufuo wa kutisha na mawimbi yanayoingia sebuleni. Weka "very quiet", na hiyo ya pili "right by the ocean".

Hata "I like Mombasa too much" inaeleweka, na wengi watatabasamu tu, lakini kwa Kiingereza ni kama unakiri una tatizo. "Very much" ndiyo sana ya vitenzi, na inakwenda mwishoni: "I like Mombasa very much." Usiseme "I very like". Kuna "too" chache zenye wema, mfano "only too happy to help", ambayo ni "kwa furaha kabisa"; hizo zikariri kama zilivyo, usijaribu kuzitengeneza zako.

"Kidogo" nayo hufanya vurugu kinyumenyume. Sisi hulainisha kwa kidogo: "Chakula kizuri kidogo" ni sifa ya mtu asiyetaka kujionyesha. Kwa Kiingereza "a bit" huandamana na kasoro: "a bit salty", "a bit expensive", "a bit late". "The food is a bit good" itawachekesha. Inapokuwa kulinganisha, hakuna shida: "a bit better" na "a bit cheaper" zote ziko sawa.

Sasa "quite". Neno hili limewatesa mameneja wa hoteli kuliko mengine yote. Mmarekani akiandika "The food was quite good", kwa kawaida anasifu: kilikuwa kizuri kweli. Mwingereza akiandika maneno hayo hayo, mara nyingi anamaanisha kilikuwa kizuri cha kutosha, hakijamshangaza. Sentensi moja, nyota mbili tofauti. Kabla hujaipeleka kwenye tangazo, angalia imetoka kwa nani. Halafu Mwingereza huyo huyo akikwambia "You are quite right", sasa anamaanisha uko sahihi kabisa, kwa sababu "right" ni sifa isiyo na nusu: ama uko sahihi ama hauko. Hiyo ndiyo kanuni ya ndani ya "quite" yake. Kwa sifa zenye ngazi, kama uzuri, joto na ukubwa, inapunguza. Kwa sifa zisizo na ngazi, kama "sure", "impossible", "different", inakamilisha.

Na kuna mtego ndani ya mtego: "quite a few". Mpokezi anaona "few", anadhani ni wachache. "Quite a few guests complained about the noise" inamaanisha wageni wengi wamelalamikia kelele. Ukipata barua pepe yenye maneno hayo, shughulika leo.

Ndugu zake nitawapitia mbio. "Fairly" ni ya chini: "fairly clean" ni safi kiasi, na hakuna mgeni anayetaka shuka safi kiasi. "Rather" ikikutana na kasoro, ni malalamiko ya mtu mstaarabu: "The room was rather small" maana yake chumba kilimbana. Ikikutana na sifa, kuna mshangao mzuri: "rather nice", kizuri kuliko alivyotazamia. "Pretty good" ni ya mazungumzo. Iweke WhatsApp, usiipeleke kwenye barua ya kuomba kazi. Na zile sifa zisizo na nusu hazipandi "very": "very excellent", "very perfect" na "very impossible" zinasikika kama mtu anayesukuma mlango ulio wazi. Zipe "absolutely", au uziache peke yake.

Mgeni anangoja, wewe hujatoka

Hapa mshukiwa ni "sasa hivi".

Kati ya watu wa hapa hakuna tatizo. Mama anapiga simu: "Mwanangu, uko wapi?" Dereva anajibu: "Ndio naja, mama, sasa hivi." Mama anajua ana nafasi ya kumaliza chai yake, akajifunga leso, akaaga majirani. Hakuna aliyedanganywa. Sasa dereva yuleyule, tuktuk yake iko kwenye foleni ya feri Likoni, anamwandikia mgeni aliyeko Nyali:

"Where are you?"

"I am coming just now."

Mgeni Mwingereza anasimama, anabeba begi, anatoka getini juani. Kwake "just now" ama ni hivi punde iliyopita, "I arrived just now", ama ni dakika hii hii. Mgeni wa Afrika Kusini anarudi kukaa, kwa sababu kwao "just now" ni baadaye kidogo, na kidogo hicho hakina kipimo. Yaani kwa bahati tu, Mwafrika Kusini ndiye aliyemwelewa dereva wetu.

Ushauri wangu kwa madereva ni kuliacha hilo neno kabisa wanapozungumzia jambo lijalo. Kama magurudumu yanazunguka, "I am on my way." Kama hayazunguki, sema uliko na dakika ngapi: "I am at the ferry. I will be there in forty minutes." Mgeni hakasirishwi na dakika 40 kama anavyokasirishwa na sasa hivi tatu mfululizo.

Angalia hiyo "in". Sisi husema "baada ya dakika kumi", kwa hiyo kalamu inataka kuandika "after ten minutes". Ukihesabu kuanzia sasa unapoandika, Kiingereza kinataka "in ten minutes". "After" hutumika unapohesabu kuanzia tukio jingine: "After ten minutes the engine stopped." Ndugu ya tatizo hili yuko upande wa nyuma: "siku mbili zilizopita" kutoka leo ni "two days ago", si "two days before". "Before" ni ya kuhesabu nyuma kutoka siku nyingine uliyoitaja, mfano siku mbili kabla ya Idi.

"Soon", "early" na "fast" nazo huchanganywa kwa sababu ya "mapema" na "haraka". "Soon" hupimwa kutoka sasa. "Early" hupimwa kutoka saa iliyopangwa. "Fast" ni mwendo. Ukimwambia mgeni mwenye treni ya Nairobi "We must leave soon", ataacha kifungua kinywa mezani. Ulitaka kusema watoke mapema kesho, kwa kuwa stesheni iko Miritini na barabara hiyo ina malori: "We should leave early tomorrow." Na "Drive soon" haipo.

Maneno mawili ya kitajiri yaogope. "Presently" kwa Mwingereza ni punde si punde. Kwa Mmarekani ni kwa sasa. "The manager is presently in his office" na "The manager will see you presently" zinakwenda njia mbili. "Momentarily" kwa Mmarekani ni baada ya muda mfupi, kwa Mwingereza wa mtindo wa zamani ni kwa muda mfupi. Rubani Mmarekani akisema ndege itatua "momentarily", Mwingereza anaweza kujiuliza kama atapata nafasi ya kuteremka. Andika "now" au "shortly", ulale.

Vilevile ile "Immediately the ship berthed, we called you." Waingereza wanaikubali, nasi tumerithi kwao. Mmarekani ataiona imepinda. "As soon as" inampendeza kila mtu.

Hesabu hailingani

"Karibu magunia arobaini" ukiandika "almost forty bags", umeahidi kwamba hayafiki 40. Msomaji akihesabu 41 atauliza hili la ziada limetoka wapi, na kwenye shehena hilo si swali dogo. "Almost" na "nearly" hukaa chini ya nambari siku zote. Karibu yetu inaweza kuwa chini au juu kidogo, na hiyo ni "about".

"Almost" na "nearly" zenyewe ni pacha, na kwenye nambari na kwenye nusura utumie upendayo: "I almost fell", "I nearly fell", nusura nianguke. Zinaachana pawili. Karibu na maneno ya kukanusha, "almost" ndiyo inayokaa: "almost nobody", "almost never". Na baada ya "not", "nearly" ndiyo inayokaa: "not nearly enough", ambayo ni haitoshi hata kidogo, iko mbali. Usiisome kama "karibu kutosha". Hapo pesa hupotea.

"Hardly" imewaangusha waombaji kazi wengi. "I work hardly" inamwambia mwajiri kwamba hufanyi kazi, au hufanyi ila kwa nadra. Kufanya kazi kwa bidii ni "hard", bila mkia. Na kwa kuwa "hardly" imebeba ukanushaji tumboni, usiiongezee mwingine: "I can hardly see", si "I can't hardly see". Jirani yake "barely" hutazama upande wa kufaulu: "The lorry barely passed under the bridge" ni kwamba lilipita, lakini kwa shida. "We hardly have any guests in May" inatazama utupu, na kwa Mei ya Pwani, mvua za masika zikiwa zimeshika, ni sentensi ya kweli.

"Late" na "lately" ni ugonjwa uleule wa mkia. Aliyechelewa "came late". "Lately" ni siku hizi za karibuni.

Nimewahi, mpaka, hata

Haya matatu nayaweka pamoja kwa sababu tiba zake ni fupi.

"Nimewahi kufika Lamu" ikawa "I have ever been to Lamu". "Ever" hutaka swali, kukanusha, au kulinganisha: "Have you ever been to Lamu?" Ukithibitisha, iondoe: "I have been to Lamu", au "I once went to Lamu" kama unasimulia safari moja. Hitilafu hii iko kwenye barua nyingi za kuomba kazi: "I have ever worked in a hotel." Kalamu ipite juu ya hilo neno.

"Mpaka" ina mambo mawili: kuendelea na kikomo. Ofisi ikiwa wazi mpaka saa kumi na moja jioni, ni "open until five". Karatasi zikitakiwa zisipite Ijumaa, ni "by Friday". "Send the documents until Friday" inamwambia mtu atume, atume, aendelee kutuma, Ijumaa apumzike. Kwa mwenye kontena bandarini ambalo siku zake za kukaa bila malipo zinakwisha, kosa hili lina bei.

"Hata mimi" ya kukubaliana ni "me too" au "so do I". Ya kukanusha ni "neither do I". "Even me" huashiria kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho ungetegemea kumwona humo. Ukiandika "Even me I like seafood", mgeni atauliza kwa nini samaki wasikupendeze.

"Tu" inastahili sentensi zake mbili. Kwetu hufuata neno lake, "only" hutangulia, na ikikaa na wakati inageuka kuwa kuchelewa: "I only received your message today" ni "leo ndiyo kwanza nimepata ujumbe wako". Hiyo ni namna nzuri sana ya kujitetea bila kuomba radhi, na nashangaa watu hawaitumii zaidi.

Meseji moja yenye ugonjwa wote

Hii nimeiunda kwa hitilafu ninazokutana nazo kila mara, wakala akimwandikia mteja:

"Dear Sir, the container is still not yet released. Kindly send the original bill of lading until Thursday. Storage charges are almost KSh 42,000 so it is too important to clear soon. Even me I will be at the port after two days. At last, confirm if you have paid the duty already."

Mteja akisoma hapo anaona wakala aliyechoshwa, gharama isiyofika 42,000, mtu anayeshangaa kujikuta bandarini, na swali la ushuru lenye mguno. "At last" hasa ndiyo inayomaliza: ni pumzi ya mtu aliyesubiri hadi akakonda, ilhali mwandishi alitaka kusema "mwisho", la mwisho kwenye orodha, ambalo ni "lastly". Ikitibiwa:

"Dear Sir, the container has not been released yet. Kindly send the original bill of lading by Thursday. Storage charges are now about KSh 42,000, so it is very important to clear it soon. I will be at the port myself in two days. Lastly, please confirm whether you have paid the duty yet."

"Soon" nimeiacha, kwa sababu hapa inapimwa kutoka sasa na ndivyo alivyotaka. "Kindly" pia sikuigusa. Wapo wanaosema imepitwa na wakati. Mimi naona barua ya bandarini bila "kindly" inasikika kama hati ya madai.